Gari Lililobaki Zima

Ngara mjini,
Jumapili, mvua inanyesha.

Kwa Baba yangu, Mzee Bakari,
Masasi.

Baba, shikamoo. Naomba karatasi hii ikukute umekaa barazani, goti limetulia, na Mama kifua chake kimeacha kumbana. Naye mpe shikamoo yangu. Mmeanza kuokota korosho, au bado mnasubiri? Salma wangu aliniambia upepo uliangusha maua mengi upande wa bondeni, nikasikitika, maana ule upande ndio tuliopalilia pamoja nilipokuja likizo. Huku mvua za vuli zimeanza, na mji wenyewe uko juu ya kilima, kwa hiyo tunapata ukungu asubuhi na utelezi mchana. Mimi ni mzima. Nakula, nalala, naswali. Kifua kiliniuma wiki mbili pale ulipopita mkanda wa gari, sasa hakiumi tena.

Najua utashangaa kuletewa barua wakati simu ipo. Nimekupigia mara tatu nikiwa na nia ya kukueleza jambo hili, na mara zote tatu nimeishia kuuliza habari za mbuzi. Kwenye simu wewe huuliza na kujibu mwenyewe, nami ni mwanao, siwezi kukukatiza. Kwa hiyo nimeona niandike. Nakuomba uisome peke yako kwanza. Ukiona vema, ndipo umsomee Mama.

Nilikuambia nilipata ajali, gari limeharibika, mimi nimepona. Ukasema, "Alhamdulillahi. Si nilikuambia? Chuma ni chuma." Nami nikanyamaza. Ulidhani nilikuwa ndani ya lile gari la zamani la mradi, jipu ninalolipenda kwa sababu linafanana na lako. Sasa Salma ananiambia umekuwa ukiwaeleza watu msikitini jinsi jipu la zamani lilivyomwokoa mwanao, na kwamba watu wamekuelewa vizuri mno, hata majirani wameanza kuwaleta watoto wao asubuhi ili uwapeleke shule pamoja na wajukuu zako. Walikuwa wanne nyuma, sasa ni kumi na mmoja.

Baba, sikuwa ndani ya jipu. Nilikuwa ndani ya lile gari jipya. Ndani ya jipu alikuwemo Sostene.

Sostene ni dereva mwenzangu, mwenyeji wa hapa Ngara, Mhangaza, Mkatoliki wa kwenda misa kila Jumapili. Nilipofika huku sijui mtu, sijui hata neno moja la lugha yao, yeye ndiye aliyenitafutia chumba na kunionyesha msikiti uko wapi. Mkewe anaitwa Edita, mkulima wa maharage na ndizi. Mradi wetu unachimba visima, na una magari mawili ya kwenda porini, yote ya kuvuta kwa magurudumu manne. Moja ni hilo jipu, lina umri karibu sawa na wangu. La pili lilikuja mwaka jana, jeupe, lina kiyoyozi, lina skrini, ukikaa bila kufunga mkanda linalia mpaka unafunga kwa hasira. Jipu lilikuwa mikononi mwangu, jipya mikononi mwa Sostene.

Unajua nilivyokuwa nikilisema lile jipya. Nililiita kopo la maziwa. Ukibonyeza boneti kwa kidole gumba inabonyea kidogo, halafu inarudi. Nilimwambia Sostene, "Siku utakayogonga mbuzi, mbuzi ataondoka, wewe utabaki." Alicheka. Alikuwa hapendi kubishana, na tena kiyoyozi alikipenda.

Siku yenyewe tulikuwa Nyamahanga, wilaya ya Biharamulo, ambako tuna visima vitatu. Ilikuwa kiangazi, vumbi tupu. Mimi nilitumwa Biharamulo mjini kumpokea mhandisi mgeni, na Sostene apeleke mabomba kijiji kimoja kilichoko ng'ambo ya bonde lenye chemchemi. Bonde lile halikauki mwaka mzima, lina tope jeusi. Asubuhi nikamwona Sostene anazunguka gari lake, anatazama matairi. Nikamwambia, "Chukua langu. Hilo lako litazama mle. Mimi naenda mjini, barabara yangu ni nyepesi."

Akasema, "Na wewe utaendesha kopo?"

"Nitavumilia."

Tukabadilishana funguo. Hakuniomba, Baba. Nilimpa mwenyewe, na nilimpa nikiona ninampa kilicho bora. Neno hilo nimelizungusha kichwani mpaka limekuwa kama halina maana tena.

Kuna jambo jingine ambalo hata polisi sikuwaambia mpaka waliponiuliza. Mkanda wa dereva kwenye jipu ulikuwa haufungi. Kufuli yake ilikufa zamani, ukawa unaning'inia na kugonga mlango, kelele njia nzima. Mwaka jana niliukunja, nikaufunga juu kwa kamba ya katani, nikasahau kwamba ni mkanda. Sikuona kama nimeondoa kitu. Wewe mwenyewe hukuwahi kufunga mkanda maisha yako yote.

Mhandisi hakufika. Alipiga simu kwamba gari lao limeharibika njiani, atakuja siku ya pili. Nikageuza peke yangu kurudi Nyamahanga. Sostene naye alikuwa ameshateremsha mabomba, anatoka kijijini peke yake kwenda mjini kuchukua mafuta ya mashine. Barabara ile ni ya changarawe, na kingo zake zimeliwa na maji ya masika, kwa hiyo kila mtu hupita katikati. Kwenye kona moja yenye mashamba ya mihogo pande zote nilipishana na lori la mbao. Vumbi lililofuata lilikuwa kama ukuta. Nilipunguza mwendo, lakini sikusimama. Hilo nalo nalikiri. Nikaona taa, kisha boneti ninayoijua kuliko uso wangu. Nikakanyaga breki, na yeye nadhani alikanyaga. Tukagongana pembe kwa pembe, upande wa dereva kwa upande wa dereva.

Sikumbuki kelele. Nakumbuka kitu cheupe kilinipiga usoni, halafu harufu kama ya baruti, na unga hewani. Ni ile mifuko ya hewa, ilitoka kwenye usukani na pembeni. Nilipoweza kuona, mbele hapakuwa na gari tena. Boneti ilikuwa imejikunja mpaka kwenye kioo, taa zimerudi karibu na magoti, gurudumu limelala. Nikaisogeza miguu yangu, inasogea. Nikavuta kitasa, mlango ukafunguka nusu.

Watu walitoka mashambani wakikimbia, na wote, Baba, walinikimbilia mimi. Mzee mmoja aliyekuwa na jembe begani, wa wale ambao ulimi wao hugeuza r kuwa l, alisema kwa huruma kabisa, "Huyu wa gali jipya amekwisha." Wakanivuta, wakanibeba, wakanilaza kwenye majani. Mmoja akanimwagia maji. Niliwaambia niko salama, wakasema nisiseme. Waliniangalia mimi, wakaliangalia gari, wakaniangalia tena, kama watu wanaosubiri niwe nimekufa.

Nikauliza, "Na mwenzangu?"

Kijana mmoja akajibu, "Yule mzima. Amekaa tu kwenye gari."

Nikageuza kichwa. Jipu lilikuwa limesimama barabarani kwa magurudumu yake manne. Bampa imepinda, taa moja imevunjika, boneti imeinuka kidogo upande mmoja. Injini ilikuwa bado inaunguruma. Sostene alikuwa amekaa wima, mikono kwenye usukani, anatazama mbele kama anayesubiri ng'ombe wavuke. Nilimsikia akisema, "Mimi sijambo. Mtazameni Rashidi."

Nikafanya nini? Nikafurahi. Nikajisemea moyoni maneno yako yale yale, chuma ni chuma. Nikajilaza tena nikaacha wanipepee.

Sijui zilipita dakika ngapi. Huwa najaribu kuzihesabu na kila mara napata idadi tofauti. Aliyetutoa kwenye ujinga huo ni mama mmoja aliyekuwa na mzigo wa mihogo kichwani. Hakutazama magari hata kidogo. Alimwendea Sostene, akamtazama mdomoni, akatua mzigo wake chini. Akasema, "Huyu mtu hapumui sawasawa. Nyie mnafanya nini kule?"

Niliinuka nikaenda. Usukani wa jipu haukuwa duara tena, ulikuwa umekunjika kwa kifua chake. Kile chuma kinachoshika usukani kilikuwa kimemsogelea kama mkuki, na dashibodi, ile ya bati nene ambayo tunaisifu, ilikuwa imepokea goti lake. Paja lilikuwa limekaa mahali ambapo paja halikai. Midomo imebadilika rangi. Akaniona, akasema polepole, "Rashidi, unatembea." Ilinibidi nizime mimi injini. Ilikuwa inaunguruma vizuri, Baba, kama haikuona kitu.

Lori la mbao lilisikia kishindo likarudi, tukamlaza juu ya godoro la mtu tukampeleka hospitali. Mbavu nne, paja, na pafu moja lililokuwa limefinywa. Walimtoboa ubavuni wakamwekea mpira wa kutoa hewa, kisha baada ya siku chache akapelekwa hospitali kubwa kufungwa chuma cha paja. Alikaa huko wiki nyingi. Mimi nilipewa dawa ya maumivu, nikatoka siku ile ile.

Magari yote mawili yalivutwa hadi uwanja wa polisi, yakawekwa bega kwa bega. Nilikwenda kuandika maelezo nikakuta watu wanayapiga picha. Wakisimama mbele ya jipya wanashika vichwa, wanasema hakutoka mtu humu. Wakisimama mbele ya jipu wanaligonga kwa ngumi, wanatikisa kichwa kwa heshima. Askari wa usalama barabarani aliyepima kona alisema sote wawili tulikuwa katikati ya barabara, hakuna wa kumcheka mwenzake. Halafu akauliza, "Nani alikuwa ndani ya hili?" akinyoosha kidole kwenye jipya. Nikasema mimi. Akaangalia gari, akaniangalia miguu, akaniuliza tena.

Pale uwanjani alikuwepo fundi Masalu, Msukuma, ana gereji Biharamulo. Mradi ulimwita aseme lipi linatengenezeka. Nilimwambia jipu litarudi barabarani kwa wiki moja, na lile kopo likatupwe. Akasema, "Ni kweli. Jipu ni bampa na taa na usukani. Lile jipya limekufa."

"Basi unaona lipi imara," nikasema.

Akaniuliza, "Na wewe unaona nani amelala hospitali?"

Nikasema ni bahati, ni mkanda, ni namna alivyokaa. Akasema mkanda umesaidia, ndiyo, na ile mifuko pia, lakini niangalie vizuri. Akanishika mkono akanizungusha lile jipya. Mbele yote imejikunja, kuanzia milango kurudi nyuma haina hata mkunjo. Akaniambia limeundwa hivyo, pua yake ife kusudi ili chumba cha watu kisife. Kishindo kinaliwa na yale mabati yanapojikunja, na kinachomfikia mtu ni kidogo. Kisha akanipeleka kwenye jipu. "Hili halijikunji. Sasa kile kishindo kimekwenda wapi? Hakikupotea. Kimepita kwenye chuma kikamkuta mwenye nyama." Akaongeza kwamba mimi nachanganya nguvu mbili. Nguvu ya kuvuka tope na kubeba magunia, jipu linayo, na lile jipya halitaifikia. Lakini nguvu hiyo si ya kumlinda mtu siku ya kugongana.

Nilibishana naye, Baba. Nilitumia hoja zako zote. Nilimwambia kuhusu ile siku ulipopinduka na jipu kwenye mteremko wa kwenda Newala, watu wakalisimamisha, likawaka, ukaendelea na safari mpaka ghalani. Nimeisikia hadithi hiyo tangu sijajua kusoma. Nilimweleza yote, jinsi lilivyobiringika mara mbili, jinsi bodi lilivyopata mkwaruzo mmoja tu.

Akauliza, "Alikuwa peke yake baba yako?"

Nikafungua mdomo nimjibu ndiyo. Ndipo nikamkumbuka Athumani, utingo wako. Nilikuwa mdogo, nakumbuka watu wengi uani kwao na wanawake wamekaa chini. Katika hadithi yako Athumani yumo, hujawahi kumficha. Unasema, "Athumani, Mungu amrehemu, alirushwa nje," halafu unaendelea kueleza jinsi gari lilivyowaka kwa ufunguo wa kwanza. Nasi watoto tulikuwa tunasubiri hapo kwenye ufunguo ili tushangilie. Miaka yote hiyo nimeisikia kama hadithi ya gari lililopona. Sikuandikii haya kukulaumu. Najua wewe ndiye uliyemlea mtoto wake mpaka akaoa. Nakuandikia kwa sababu mimi mwenyewe nimechanganyikiwa na sina mwingine wa kumuuliza mambo ya magari isipokuwa wewe.

Maana kilichonichanganya zaidi kilikuja baadaye. Edita, mke wa Sostene, alianza kunishukuru. Kila nilipokwenda kumwona alikuwa akiwaambia wageni, "Huyu ndiye aliyempa mume wangu gari imara. Kama angekuwa kwenye lake, mngenikuta nimevaa nguo za msiba." Wageni walinishika mikono. Alinitumia ndizi, akanitumia maharage mapya. Mama yake Sostene, bibi asiyejua Kiswahili, alinishika kichwa kwa mikono miwili akanibariki kwa Kihangaza, watu wakaniambia amesema niishi mpaka nipate mvi. Nami nilikuwa nikijua nilichoambiwa na fundi. Nikijua pia kuhusu ile kamba ya katani. Kama nisingebadilisha funguo, Sostene angetembea, na mimi ningekaa pale wima watu wakinipita. Nilikula zile ndizi, Baba. Sikuweza kuzirudisha na sikuweza kusema.

Siku nyingine nilijiambia ni majaliwa, hakuna mwenye kosa, ninyamaze. Siku nyingine niliona kunyamaza ndiko kosa lenyewe. Nilimuuliza shehe wa msikiti wa hapa, akasema nia ndiyo hesabu, na nia yangu ilikuwa njema. Nikatulia siku mbili. Siku ya tatu nikakutana na Edita sokoni, akanishukuru tena mbele ya watu, nikavurugika upya.

Sostene alirudi nyumbani mwezi uliopita, kwa magongo. Juzi, Ijumaa baada ya sala, nilikwenda kwao. Yeye amekaa kwenye kiti cha kamba, Edita anachambua maharage kwenye ungo. Nilikuwa nimepanga maneno, yote yakanitoka. Nikasema tu, "Shemeji, usinishukuru tena. Lile gari nililompa ndilo lililomuumiza. Lake lingemtoa mzima, kama lilivyonitoa mimi." Nikaeleza aliyosema fundi. Nikaeleza kamba ya katani, jinsi nilivyofunga mkanda juu kwa mikono yangu.

Sostene alitazama magongo yake. Akasema, "Nilijua. Nilipokuona umesimama pale barabarani nilijua kuna kitu tumekosea. Ule mkanda nami niliuona umefungwa, nikaona ni kawaida." Kisha akasema, "Ulinipa kwa ajili ya tope, Rashidi. Tope nililivuka."

Edita aliacha kuchambua. Aliinuka na ungo wake akatoka nje. Tukamsikia anamwaga maharage kwenye mkeka, anayatandaza, ingawa hapakuwa na jua lolote. Nilitaka kuaga, Sostene akanizuia kwa mkono. Tulikaa hivyo, wanaume wawili tunasikiliza maharage.

Aliporudi alisimama mlangoni. Hakuwa na hasira, au kama alikuwa nayo alikuwa ameiacha kule nje. Siku za nyuma niliwahi kuwaeleza kuhusu wewe, jinsi ulivyosifu jipu, na watoto kumi na mmoja. Walicheka sana siku hiyo, nami nilicheka. Sasa Edita akaniuliza, "Hayo uliyoniambia mimi, baba yako umemwambia?"

Nikasema bado.

Akasema, "Mimi mume wangu yuko hapa. Wale watoto wanapanda tena Jumatatu."

Kwa hiyo, Baba, naandika. Nimekaa tangu asubuhi. Nakuomba, na ninapiga magoti huku niliko, usiwapandishe tena watoto kwenye jipu. Wala si Mwanahawa wangu, wala wajukuu zako wengine, wala watoto wa majirani. Yale mabenchi ya pembeni hayana mkanda wala pa kushikia isipokuwa bomba la turubai, na mbele yao kuna chuma kitupu. Siku ya kugonga, gari lako litabaki zima na watu watalisifu. Fundi Masalu anasema mikanda inaweza kuwekwa kwenye viti viwili vya mbele, na nitaitafuta niitume, uifunge wewe na Mama. Nyuma weka magunia ya korosho, weka mbuzi, weka maji. Kwa kazi hizo sijaona gari kama hilo na sidhani nitaona. Watoto watembee. Shule si mbali, mimi niliitembea miaka saba na wewe ukinipita na jipu kwenda ghalani.

Usidhani nimepata majibu. Mradi umelitengeneza jipu na limerudi, linapendeza, na watu wa ofisini wanataka kuliuza. Madereva wa mji mzima wanalitaka. Nilipolikalia kwa mara ya kwanza nilifurahi jinsi lilivyoitika, kisha nikaona aibu kufurahi. Hilo jipya jingine waliloleta nimelikalia pia, nikibonyeza boneti inabonyea, na mwili wangu bado unaogopa ingawa akili imeelezwa. Sijui mtu anaacha vipi kuamini kitu ambacho baba yake alimfundisha kwa upendo. Ukinijibu, nijibu kama dereva kwanza, kisha kama baba.

Najua Mwanahawa atalia asubuhi ukimwambia ashuke. Anapenda kukaa nyuma ya kiti chako. Mwache alie.

Nisalimie Mama, mwambie asinitumie tena unga, huku ugali wa muhogo nimeuzoea. Nisalimie Salma, mke wangu, aliyenieleza ukweli wa huko bila kukusengenya. Shangazi wa pale kisimani, mpe shikamoo. Mjomba fundi baiskeli mwambie ile pampu yake nimeikumbuka. Na mtoto wa marehemu Athumani, ndugu yangu, msalimie kwa jina la baba yake, na kama ataweza kuisoma barua hii, sitakasirika ukimpa.

Naweka kalamu chini kwa heshima, nikiwa bado chini ya malezi yako,

Mwanao,
Rashidi.

Nilipita kwa Sostene kumwonyesha barua kabla sijaifunga. Ameisoma yote, akaomba kalamu. Mistari hii ya mwisho ni ya mkono wake:

Shikamoo Baba. Mimi ndiye niliyekuwa kwenye lile zima. Watoto washuke. Ni mimi mwanao, Sostene.